Panga Taa Kabla Jipsamu Haijapanda

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi, kuanzia Goba mpaka Kigamboni, zinapigwa dari ya jipsamu na kujazwa taa za kuzama, zile ambazo mafundi wengi wanaziita daunilaiti. Mwenye nyumba anakuwa ametoa hela ya kutosha. Lakini keti sebuleni utazame juu: taa moja imetoka kidogo kwenye mstari, nyingine ina ufa wa nusu duara ukingoni, ya tatu imelegea upande mmoja, na zote kwa pamoja zinakuchoma macho. Mara nyingi taa zenyewe hazina kosa. Kazi imeanzia mwisho: dari imefungwa, ikapigwa skimu na rangi, ndipo fundi umeme akaitwa "aje aweke taa".

Taa ya kuzama inakamilika kwenye dari. Chombo chenyewe unakuja kukipachika mwishoni kabisa, na kukipachika ni shughuli ya dakika chache. Kwa hiyo mengi yaliyomo humu yanahusu penseli, timazi na msasa kuliko umeme. Umeme una wenyewe: mtafute fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya, naye azime umeme kwenye swichi kuu kabla hajagusa waya wowote.

Nunua taa kwanza

Fundi jipsamu hajafunga hata chaneli ya kwanza, wewe uwe tayari na taa mkononi, japo moja ya kila aina utakayotumia. Soma boksi. Utakuta vipimo viwili vya duara: upana wa taa kwa nje, pamoja na pete inayolalia dari, na ukubwa wa tundu la kutoboa. Taa yenye upana wa milimita 90 na tundu la milimita 75 inakuachia pete ya milimita 7.5 kila upande. Hizo 7.5 ndizo akiba yako ya makosa. Fundi akitoboa 80, akiba imeshuka hadi 5. Drili ikiyumba kidogo, giza la juu ya dari litachungulia pembeni ya pete. Halafu taa za wati zilezile kutoka viwanda viwili mara nyingi hutofautiana tundu, kwa hiyo kumwambia fundi "toboa za wati 9" ni kumpa fumbo. Mpe taa yenyewe aipime.

Kipimo cha tatu ni kina, na hiki husahauliwa sana na wanaoishi ghorofani. Kwenye nyumba ya bati na kenchi nafasi juu ya dari ipo tele. Chini ya zege, kila sentimita unayoshusha dari unaikata kwenye urefu wa chumba. Chumba cha mita 2.7 ukikishusha kwa sentimita 15 kimebaki na mita 2.55, na pangaboi bado halijaning'inizwa. Pima taa pamoja na draiva yake, yaani kile kiboksi kidogo kinachobadilisha umeme wa volti 230 uifae taa, kisha ongeza nafasi ya springi zinazoishikilia taa kuinuka na mkono wa fundi kupita.

Sasa aina. Madukani Kariakoo utakachooneshwa kwanza ni paneli nyembamba, bamba la plastiki nyeupe linalong'aa uso mzima. Ni rahisi, halitaki kina, na kwa stoo au koridoni linatosha kabisa. Sebuleni mimi silipendi. Chanzo cha mwanga kiko sawasawa na uso wa dari, kwa hiyo popote ulipoketi unaliona jicho la taa, nalo linakuona. Taa ambayo chanzo chake kimerudi ndani sentimita 3 hadi 5, ndani ya kikombe, humulika meza na sakafu huku yenyewe ikiwa kama imezimwa ukiitazama kutoka kwenye kochi. Kikombe cheusi kisichong'aa hupunguza mng'ao zaidi kuliko cha fedha, ingawa mchana vitundu vyeusi vitaonekana kwenye dari nyeupe. Ukitaka dari tulivu mchana na usiku, chukua kikombe cheupe kirefu. Kama kuna mahali pa kuongeza hela katika kazi nzima, ni hapa.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini. 3000 ni ya joto, inafaa sebuleni na vyumbani; 4000 inafaa jikoni na mahali pa kusomea; 6500 ni ule mweupe wa kuelekea bluu, na sebule yenye taa za 6500 inakuwa duka la dawa. Chagua moja kwa kila eneo linaloonekana kwa pamoja, maana sebule ya 3000 inayotazamana na jiko la 6500 bila ukuta katikati ni nyumba mbili zilizogombana. Tazama pia kama boksi lina alama ya CRI, kipimo cha jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa uhalisia chini ya taa ile. 80 ni ya kawaida. Jikoni na kwenye kabati la nguo tafuta 90. Nyama, nyanya na kitenge vitakushukuru.

Kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka, draiva iliyoandikwa volti 85 hadi 265 huvumilia kuliko ile ya 220 hadi 240. Na ununue zote siku moja, pamoja na mbili za akiba. Mwaka kesho duka litakuwa na taa "ileile" yenye pete nyeupe tofauti kidogo, na dari haisahau tofauti kama hiyo.

Chora sakafuni

Watu huchora taa kwenye dari. Anza chini. Sakafu ikiwa bado ya zege tupu, chora kwa chaki makochi, meza, kitanda, kabati za jiko na katikati ya pangaboi. Kisha weka alama za taa kufuatana na vitu hivyo. Baadaye fundi atazipandisha alama hizo juu kwa timazi au kwa leza, na zitatua pale pale ulipotaka.

Kanuni ya mwanzo ni kwamba umbali wa taa hadi ukuta uwe nusu ya umbali wa taa hadi taa. Chumba cha mita 3.6 kwa 4.2 chenye taa nne: upande mfupi, taa zikae sentimita 90 kutoka ukutani na mita 1.8 kati yake. Upande mrefu, mita 1.05 kutoka ukutani na 2.1 kati. Zikiwa na lumeni 700 kila moja (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), jumla ni 2800 kwa mita za mraba 15 hivi. Kwa mazungumzo na televisheni inatosha, na msomaji wa gazeti atawekewa taa yake ya pembeni. Najua chumba kama hicho huwekewa taa kumi na mbili. Zinawashwa zote siku ya wageni, siku nyingine wanawasha nne.

Kanuni hiyo ivunje pale samani zinapodai. Jikoni, taa ikiwa katikati ya chumba itakuwa nyuma yako, na kivuli chako ndicho kitakachokatakata vitunguu. Kaunta kwa kawaida ina kina cha sentimita 60 na kabati za juu 35 hivi. Weka taa sentimita 60 hadi 65 kutoka ukutani, mwanga ushukie ukingo wa mbele wa kaunta bila kugonga milango ya kabati. Juu ya meza ya chakula, angalia nyuzi za mwanga zilizoandikwa kwenye boksi. Taa ya nyuzi 36 kwenye dari ya mita 2.7 huchora duara la mita 1.3 hivi juu ya meza ya kawaida, kwa hiyo meza ya watu sita inataka mbili. Chumbani, tandika mkeka pale kitanda kitakapokuwa, ulale, utazame juu. Alama iliyo mbele ya macho yako isogezwe.

Ukuta una hila yake. Taa ikikaa sentimita 20 au 30 kutoka ukutani, mwanga unateremka ukiuparuza ukuta na kuchora matao. Kwenye ukuta wa mawe inapendeza sana. Kwenye ukuta wa lipu, kila wimbi la mwiko wa fundi litatoka hadharani na kubaki pale kila usiku. Kama lipu yako si ya kujivunia, usishuke chini ya sentimita 60.

Pangaboi ndilo jambo ambalo miongozo ya nchi za baridi hailigusi, na huku ndilo linaloharibu vyumba vingi. Taa ikiwa juu ya mapanga, kila panga linalopita linakata mwanga, na chumba kizima kinachezacheza. Wengine huumwa kichwa bila kujua sababu. Pangaboi la inchi 56 lina nusu kipenyo cha sentimita 71. Likiwa limening'inia sentimita 30 chini ya dari, taa ya nyuzi 60 itapita salama ikiwa sentimita 90 kutoka katikati yake. Paneli pana, inayotawanya mwanga kila upande, ipe mita 1.2 au zaidi. Zile taa nne za mfano wetu ziko karibu mita 1.4 kutoka katikati, kwa hiyo zimesalimika. Na kulabu ya pangaboi itoke kwenye zege au kwenye kenchi. Jipsamu haibebi kitu kinachozunguka.

Alama zikishakamilika, waite fundi jipsamu na fundi umeme siku moja, wasimame juu yake. Chaneli za dari hukaa kila sentimita 40 au 60, na bila mkutano huu lazima tundu fulani liangukie chaneli. Hapo fundi ama ataikata, dari ipoteze nguvu, ama ataisogeza taa, mstari upinde. Kabla ya kufunga, kusogeza chaneli sentimita 10 hakugharimu kitu. Vilevile bodi za mita 1.2 kwa 2.4 zipangwe ili maungio yasipite kwenye tundu, kwa sababu tepu ya maungio ikikatwa na tundu, ufa utaanzia hapo. Waya wa milimita 1.5 upite ndani ya paipu, maana panya wa darini wanaupenda, na kwenye kila alama uachwe mkia wa sentimita 40. Maungio yawe ya konekta ndani ya boksi. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi ni kuahirisha matatizo. Kabla bodi hazijafunika, piga picha za dari nzima, utepe wa kupimia ukiwa umetandazwa ndani ya picha.

Tundu na ukingo

Toboa baada ya skimu kukauka na kabla ya rangi ya mwisho. Ukitoboa mapema, skimu itajaa tundu na kuharibu duara. Ukitoboa baada ya rangi, kila mkwaruzo utabaki.

Vuta uzi au washa leza kwenye safu nzima ya taa, uweke alama zote, kisha ushuke usimame mlangoni. Jicho la mlangoni ndilo litakalokuwa likihukumu nyumba hii miaka yote. Alama iliyotoka sentimita 2 kwenye safu ya taa nne inaonekana, hata na mtu asiyejua anaona nini.

Tumia msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, wa ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye boksi. Drili ikae wima, iende polepole, na fundi asiisukume. Uzito wa mkono unatosha. Kopo la plastiki lililotobolewa kitako, likavishwa kwenye drili, litakinga vumbi lisimwingie machoni. Bodi ya jipsamu ina karatasi pande zote mbili, na msumeno ukitoka unaacha karatasi ya chini imechanika nywele nywele. Usizivute kwa kidole. Zitaondoka na skimu. Zikate kwa wembe mkali ulioelekezwa ndani ya tundu, kisha msasa laini uliokunjwa kwenye kidole uzunguke mara moja au mbili.

Hatua inayofuata huwa hairukwi na fundi mzuri, na mteja hajui hata kama ipo. Ukingo wa ndani wa tundu sasa ni unga wa jipsamu ulio wazi. Unamomonyoka, unadondosha chembe mezani, na springi za taa zitaula. Upake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, au rangi nyepesi ya kwanza, kwa brashi ndogo, uiache ikauke mpaka ukingo ugande. Palipobanduka jaza wolputi, kausha, piga msasa. Ndipo rangi ya mwisho ipite, ikiingia na ndani ya tundu kidogo, ili mstari wa kahawia wa karatasi usionekane. Rangi ya dari iwe isiyong'aa. Inayong'aa itakuonesha kila kiraka.

Kupachika: mikono safi, ikiwezekana glavu za pamba, kwa sababu pete nyeupe hushika alama za vidole zisizotoka. Sukuma draiva juu, iweke pembeni ya tundu, isilale juu ya taa. Inua springi zote mbili kwa pamoja, ingiza taa, ziachie kwa pamoja. Ule ufa wa nusu duara unatoka hapa, pale springi moja inapoponyoka na kugonga ukingo kabla ya mwenzake. Taa ikilegea upande mmoja usiilaumu kwanza; ishushe, utakuta waya umejikunja chini ya springi au draiva imelala pabaya. Kuishusha, shika pete pande mbili usawa wa springi uvute taratibu. Kisu cha jikoni kiache jikoni.

Baada ya miezi kadhaa baadhi ya nyumba huota duara la kijivu kuzunguka kila taa. Si moshi wa taa. Hewa kati ya chumba na nafasi ya juu hupita kwenye upenyo wa pete ikibeba vumbi, na vumbi hubaki kwenye rangi. Pete ya sponji nyembamba nyuma ya taa huziba upenyo huo, na huzuia hata wadudu wanaoingia kufia nyuma ya kioo. Taa nyingine huja nayo, nyingine utakata mwenyewe.

Chini ya bati mchana kuna joto kali, na joto ndilo linaloua draiva mapema. Kwa kapasita zilizomo ndani yake, kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 za selsiasi zikiongezeka, umri unapungua kwa nusu. Chagua taa yenye mgongo wa alumini, na kama darini umetandaza sufi ya kuzuia joto, iache mbali na taa, labda kama boksi linasema wazi inaruhusiwa kufunikwa.

Taa isiyo na pete

Hii ndiyo inayotamaniwa kwenye picha: tundu tupu lenye ukingo mkali, hakuna fremu, mwanga unatoka kwenye dari yenyewe. Inapatikana, ila hapa akiba ya milimita 7.5 imekwisha. Ukingo wote ni wa fundi skimu.

Taa hizi huja na bamba la chuma lenye vitundu vidogo vidogo. Bamba linafungwa kwenye bodi kwa skrubu, vichwa vyake vizame. Juu yake hubandikwa neti ya nyuzi za kioo, kisha wolputi, safu mbili au tatu nyembamba, kila moja ikitanuliwa mbali zaidi ya iliyotangulia, hadi sentimita 20 au 30 kutoka kwenye tundu, ili mwinuko upotee bila jicho kuushika. Kila safu ikauke kabisa. Pwani wakati wa masika kukauka kunachelewa, na fundi aliyeahidi kumaliza leo atakuachia ufa wa kesho. Wakati wa kupiga msasa, taa ya mkononi ilale ubavu ikimulika sambamba na dari, kivuli kiseme pa kuongeza na pa kupunguza. Taa yenyewe huingizwa rangi ikishakauka, kwa sumaku au springi, kutokea chini.

Ushauri wangu: weka za namna hii nne au sita mahali pamoja panapoonekana, sebuleni au barazani, na kwingine tumia za pete nyembamba. Uliza pia kabla ya kununua kama chanzo cha mwanga na draiva vinatoka kupitia tundu bila kuvunja dari. Kama havitoki, siku taa itakapokufa utaanza kazi yote upya.

Bafuni, juu ya bomba la mvua iwe taa yenye alama ya kukinga maji ya IP65; kwingine bafuni humo IP44 inatosha. Na kama nyumba yako ni ya mawe ya kale, Mji Mkongwe au Lamu, yenye dari ya boriti, usizamishe kitu. Huko hakuna nafasi ya juu iliyofichwa, na kushusha jipsamu chini ya boriti ni kufunika kilicho kizuri kuliko taa yoyote. Ficha mkanda wa mwanga juu ya kabati au ndani ya zidaka, boriti zimulikwe kutoka chini.

Salio la fundi lisubiri saa moja usiku. Mchana dari zote ni nzuri. Usiku washa swichi moja moja, usimame mlangoni, uketi kwenye kila kochi, uwashe pangaboi kasi ya juu, ulale kitandani. Tembeza kidole kuzunguka pete uone kama zimelala zote. Yenye kasoro ibandikie kipande cha tepu ya karatasi, fundi akija asubuhi aone mwenyewe, na zile mbili za akiba uziweke ndani ya boksi lake, juu ya kabati, pamoja na zile picha za waya.